Land Cruiser za zamani zifungwe fremu za kinga

Mhariri,

Nimeendesha watalii Serengeti na Ngorongoro kwa miaka mingi, katika Land Cruiser zilizokatwa paa ili abiria wasimame kutazama wanyama. Gari la namna hiyo likipinduka, paa halina nguvu ya kubeba uzito wa gari.

Nawaomba wamiliki wafunge fremu ya mabomba ya chuma kuzunguka abiria, tena ishikwe kwenye chesisi, yaani uti wa chuma ulio chini ya gari. Ikishikwa kwenye bati la bodi tu, bati litachanika. Na kila kiti kiwe na mkanda, kwani bila mkanda abiria atarushwa na kugonga chuma kile kile kinachomlinda. Gharama ipo, naijua. Lakini kila msimu ukikaribia, fedha za rangi mpya hupatikana.

Dereva wa watalii,
Arusha