Otopailoti Ikianza Vituko Ndani ya Wingu

Asubuhi moja ya Julai mteja wa karakana yetu ya ndege alitua hapa Wilson, uwanja wa ndege ndogo jijini Nairobi, shati limemganda mgongoni kwa jasho, ilhali nje kulikuwa na baridi ya kutetemesha. Alikuwa ndani ya wingu, otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege badala ya rubani, imeshika usukani, yeye anasoma ramani. Kuinua macho, dira inazunguka, yaani ndege inageuka, lakini upeo bandia, kifaa kinachoonyesha ndege imeinama kiasi gani, unamwonyesha mabawa yamenyooka.

Tulifungua pampu ya vakyumu siku hiyo hiyo. Nilipoiinamisha juu ya kitambaa cheupe ukamwagika unga mweusi kama masizi: vijibapa vya kaboni vya ndani vilikuwa vimesagika. Pampu hiyo ndiyo inayovuta hewa ya kuzungusha jairo, yaani gurudumu dogo linalozunguka kasi ndani ya upeo bandia. Ikifa, jairo haisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka dakika kadhaa huku ikilegea, na upeo unainama polepole mno hata jicho lisishtuke. Otopailoti ya aina ya KFC 150 huusoma upeo huo huo, basi nayo huinama pamoja nao. Aina nyingine, KAP 140, inayopatikana kwenye Cessna 172 nyingi, husoma kipimo cha kugeuka kinachotumia umeme. Pampu ikifa bado inaweza kunyoosha mabawa. Ya kwako inasoma wapi? Ndilo swali la kwanza tunalomwuliza kila anayeingia karakanani, na inanisikitisha kwamba wengi hawana jibu.

Muda wa kutafakari ni mdogo. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vifaa, yaani kwa kusoma vipimo tu bila kuona nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178. Wewe unayo leseni ya vifaa, sawa, lakini mara ya mwisho uliruka kwa mkono ndani ya wingu lini?

Kwa hiyo usianze kutafuta kosa. Kamata usukani barabara, kisha bonyeza kitufe chekundu cha kuitoa otopailoti. Nasema kamata kwanza kwa sababu huenda trimu, kidhibiti kinachoishikilia pua juu au chini bila nguvu ya mkono, imekwenda mbali bila wewe kujua, na pua itaruka juu au chini mara otopailoti inapoachia. Usishindane nayo ikiwa bado imewaka: ukiusukuma usukani mbele, trimu ya otomatiki inajibu kwa kuvuta nyuma. Kwenye ndege nyingi, ukiendelea kukishikilia kitufe hicho unakata pia umeme wa trimu, ukapata nafasi ya kuvuta sakiti breka yake, swichi inayoukata umeme huo kabisa.

Nyoosha mabawa kwa kulinganisha kipimo cha kugeuka, dira, kipima mwinuko na kipima mwendo. Upeo ukipingana na hao wote, ufunike kwa karatasi. Halafu waambie waongozaji wa ndege kwa maneno ya kawaida kwamba otopailoti imeharibika na unaruka kwa mkono. Watakupa uelekeo na kukupunguzia kazi. Usiiwashe tena kuona kama imepona.

Kuna vituko vingine ambavyo si ubovu. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, imeshapungukiwa nguvu kabla hujaanza kupanda. Ukiiagiza otopailoti ipande futi 700 kwa dakika, itatii: itainua pua, mwendo ushuke, mpaka king'ora cha kuonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege kilie. Kwenye kupanda, macho yasibanduke kwenye kipima mwendo.

Ukituletea ndege, tuandikie ulichokiona: ilikuwa katika modi gani, mwinuko na mwendo gani, taa ipi iliwaka. Karatasi hiyo inatuokolea saa nyingi za kubahatisha, nawe unapungukiwa na bili. Tunapima pampu, mkazo wa kebo za servo (mota za otopailoti zinazosogeza usukani), klachi ya trimu na kitufe cha kutolea. Jaribio la mwisho tunalifanya chini, wewe ukiwa kwenye kiti chako, kitufe hicho ukikibonyeza kwa kidole chako mwenyewe.