Shukrani kwa mama wa samadi, Malindi

Vijana wanaoacha unga, yaani heroini, hapa Malindi walikuwa na kiwanja cha mchanga mtupu. Maji yalizama papo hapo, mbegu zikakauka, na mikono ikabaki bure arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga, ikiwabana.

Mama mmoja asiyetaka kutajwa akawaletea mkokoteni wa samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Mbichi huunguza mizizi. Akapima nao matuta ya upana wa mita 1, ndoo 2 za samadi kwa kila mita ya mraba, ikachanganywa na mchanga hadi kina cha jembe. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo alizichanganya na mchanga mkavu zisirundikane, akafunika kwa nyasi kavu. Miche ikichomoza, nyasi huondolewa. Maji ya kisima aliyaonja kwanza, maana yenye chumvi huunguza majani.

Mchicha aliuchagua makusudi: huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4, na anayeacha unga hawezi kungoja miezi. Kila mmoja ana tuta lake, humwagilia asubuhi na jioni, saa zile maskani, kijiwe cha watumiaji, inapomwita.

Mama, Mwenyezi Mungu akujaze kheri. Mwenye samadi iliyooza au ndoo za ziada, awapelekee.