Kwa Baba Zena, kuhusu ile injini

Mombasa, Jumapili usiku

Assalaam alaykum sahibu yangu,

Wote wakusalimu, na sina nafasi ya kumtaja mmoja mmoja. Sisi wazima, ila joto na magoti. Najua ni miaka mingi sijakuandikia. Nikianza kuomba radhi hapa juu karatasi itaniishia, kwa hivyo wacha nikwambie kwanza lililonileta, radhi utaziona zikijipenyeza zenyewe.

Nimetwishwa kazi. Kamati ilikaa Ijumaa ile niliyokwenda hitma Mtongwe, na desturi ya kikao chetu waijua: asiyekuwepo ndiye hupewa mzigo. Basi niandike historia ya chama chetu cha magari ya kale, kurasa kumi pamoja na picha, itiwe kwenye kijitabu. Katibu (yule yule, na bado avaa zile glavu za kuendeshea na joto lote hili) ameniletea mwanzo alioutunga mwenyewe. Asema chama kilizaliwa siku kiliposajiliwa. Nikamwuliza, na wewe ulizaliwa siku uliyopata kitambulisho? Akanuna. Hatujasemeshana tangu Jumanne.

Alilolitaka ni tuanzie Nairobi, kwa yale mashindano ya urembo wa magari, Concours d'Elegance, ya wale wenye Alfa Romeo, yaliyoanza 1970 na ambayo huwekwa pale uwanja wa farasi, Ngong Road. Ati sisi ni tawi la mti ule. Mimi sina neno na Concours. Nimekwenda mara mbili, nikaona majaji wakifungua boneti, wakifungua buti, wakiinama kuchungulia chini ya gari kama wakwe wanaokagua nyumba. Lakini gari la Mombasa ukilichungulia chini utaona nini? Chumvi! Sisi hatukukutana kwa ajili ya urembo, Baba Zena. Tulikutana kwa shida. Au mimi ndiye nakumbuka vibaya?

Mimi nakumbuka El Niño, 1997. Twatoka harusini Kaloleni, maji yamepita juu ya barabara, na zile Toyota za Dubai ambazo kila mtu alikuwa akituringia nazo zimezima zote, zimejipanga kama maiti. Wewe ukashuka kwenye Pijo 404 yako, ukafungua kifuniko cha distribyuta, ukaazima kanga kwa yule mama wa nyuma ukakausha, ukapiga stata mara moja. Likawaka. Halafu ukarudi kuvuta wengine. Usiku ule ndio tulipokuwa wanne: wewe, mimi, marehemu Mzee wa Bondeni na Fundi Kijiti, na mazungumzo yalikuwa ni nani ana plagi za ziada na nani ajua mtu mwenye gaskiti. Wakati ule watu walikuwa wakiziuza Pijo zao kwa bei ya chuma chakavu, na sisi twazinunua kwa ajili ya milango. Hicho ndicho chama. Usajili ulikuja baadaye sana, tulipoanza kupata watu wenye kalamu.

Nami nataka kurudi nyuma zaidi, mpaka mbio za magari za Safari, maana bila Safari hakuna hata mmoja wetu ambaye angelihifadhi gari lile. Katibu asema hiyo ni historia ya wengine. Ya wengine vipi? Mashindano yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa kusherehekea Elizabeth kuvishwa taji, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaligawanywa madaraja kwa bei yake ya dukani. Hapo ndipo penye utamu: lilelile aliloliona baba yako dukani ndilo lililokuwa likipigwa matope Pasaka nzima. Mwaka 1963 yalitoka magari 84 yakarudi saba. Mwaka 1968, mvua ile, yakarudi saba tena. Na mara zote mbili la kwanza ni 404, na mara zote mbili waliokuwa ndani ni Nowicki na Cliff. Marehemu babangu aliuza minazi akanunua 404 kwa ajili ya hesabu hiyo tu. Mama hakumsamehe mpaka alipopelekwa nalo Lamu.

Na Joginder Singh na ile Volvo, 1965, mtu wa Kericho aliyeshinda na nduguye Jaswant kando yake. Wewe ulikuwa ukiapa kwamba uliigusa Volvo ile kwa mkono. Kila mwaka mkono ule ulibadilika, mara wa kulia mara wa kushoto, nami sikukuumbua hata siku moja. Na sasa kwa kuwa umekuwa Mtanga, nitakuandikia na Bert Shankland wenu wa Tanganyika, 1966 na 1967, 404 vilevile, usije ukasema nimependelea Kenya. Mara nne kwa miaka sita! Injini yenyewe imelazwa ubavu nyuzi 45 kama mtu aliyeshiba wali, lakini ikiamka…

Nimezunguka. Wajua ninapozunguka kuna ninalolikimbia.

Nimesoma kumbukumbu za vikao zote, maboksi mawili, mchwa wamekula la tatu. Nikafika kile kikao cha injini. Imeandikwa mstari mmoja: "Mwanachama mmoja alijiondoa kwa hiari yake." Basi. Hakuna jina, hakuna sababu. Nikaitazama ile karatasi, jasho likanitoka na feni inazunguka.

Kwa hiari! Mtu amepanga foleni pale Lighthouse tangu alfajiri, gari amelipaka nta, watoto ndani wamevaa nguo za sikukuu, aambiwa mbele yao atoke kwenye mstari kwa sababu chini ya boneti mna injini ya Toyota. Kisha kikao, kisha mikono juu. Nami nikainua mkono. Sikuinua wa kwanza, nilitazama kwanza nione wangapi wameinua, na hilo ndilo baya zaidi.

Nilikuwa na hoja zangu, wazikumbuka. Nilisema la kale ni la kale, ukilitia moyo wa mwingine si lile tena. Maneno mazuri. Ila Fundi Kijiti aliniambia jioni ile ile, hali anakula mihogo: "Sasa angefanya nini, alisukume?" Nikamkasirikia. Alikuwa sawa. Bloku yako ilipasuka, na pistoni za kufaa hatukuzipata hapa wala Nairobi kule Grogan kwenye maduka ya spea, tulizunguka pamoja siku mbili. Kuagiza gari zima kutoka nje ulifungue spea huwezi, sheria yataka lisizidi miaka minane. 404 lenye miaka minane lilikuwa lapatikana wakati gani, wa Moi? Kwa hivyo ilikuwa ama Toyota ama kuku watage ndani. Na mbona lile shindano la Safari Classic, la magari ya kale, lililoanza 2003, magari yake hufumuliwa na kufumwa upya mpaka chesisi na hakuna awaambiaye watoke mstarini? Waldegård mwenyewe, yule dereva Msweden aliyeshinda Safari 1977, alishinda hii ya kale 2011 akikaribia miaka 70, na Porsche iliyoimarishwa kila mahali. Tulimpigia makofi barabarani tukalia. Wewe tukakutoa.

Na sasa cheka kidogo. Mwezi uliopita gari la katibu lilizima kwenye feri ya Likoni, katikati ya maji, petroli imechemka kwenye paipu kama kawaida ya joto la pale. Kijiti akaitwa. Akafungua boneti, akaniita kando: kabureta ni ya Nissan! Na alteneta sijui ya nini. Miaka yote hii, na glavu zile! Nilimwambia Kijiti anyamaze. Hakunyamaza.

Kwa hivyo nimeamua. Ukurasa wa injini nitauandika wote, na mkono wangu ukiwa juu, kama unaniruhusu. Kama hutaki nitauacha, lakini huo mstari wa "kwa hiari yake" siunakili, na wakinilazimisha kijitabu watafute mwandishi mwingine. Nataka pia mafundi waandikwe mbele ya wenye magari. Katibu asema mafundi hawakuwa wakilipa ada. Walikuwa wakilipa kwa mikono, lakini ushahidi sina. Unao wewe: lile daftari la jalada la kijani, ulilokuwa ukiandika nani katoa nini, senti na spana, tangu ile El Niño. Lifunge kwenye nailoni mara mbili umpe utingo wa basi la asubuhi, lipite Lunga Lunga, nitalipokea mwenyewe Mwembe Tayari. Na ile picha ya chini ya mbuyu, kabla hawajapatengeneza Mama Ngina. Sisi wanne, na Mzee wa Bondeni amekaa juu ya boneti ingawa alikuwa akitukataza sisi. Nitairudisha, wallahi.

Basi niambie: 404 bado unalo? Latembea? Kutu imefika kwenye sakafu au uliwahi kuikata? Hiyo Toyota imekuchukua kilomita ngapi mpaka leo, na si kwamba nataka kucheka? Zena ameolewa, au ni uvumi wa Kijiti? Yule mwenye Land Rover wa Pangani mwaonana? Ni kweli kwamba huko Tanga bado kuna Pijo mbili tatu zenye injini zake za asili, na wenyewe wauza? Na lile jambo la mkono, ulinisikia siku ile nilipokuita ukiwa wageuza gari, au kelele za injini zilikuwa nyingi? Nimejiuliza hilo zaidi ya yote.

Nijibu mapema. Kamati yakaa tena Ijumaa ya pili, na safari hii nitakuwepo.

Ndugu yako,
Baba Swaleh

Tena: ile kabureta ya Solex uliyoniazima kabla ya ugomvi sikuiuza, ijapokuwa najua ulivyowaambia watu. Imo kabatini, imefungwa kwenye kanga ya mke wangu, naye aitafuta kanga hiyo mpaka leo. Nikuletee mwenyewe au nimpe utingo?