Ukuta anaousoma nzi

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Buguruni. Sisi hatujambo. Bibi yako mguu umepata nafuu, na bado anapigana na nzi jikoni kwa pindo la kanga. Lile swali lako la juzi, kwamba nzi anakanyaga uchafu wote ule na haugui, salio lilikata kabla sijalijibu.

Kwanza, nzi anaugua, na anakufa pia. Ila hana kingamwili kama hizi zetu zinazojifunza kwa chanjo. Ujuzi wa kumtambua adui anazaliwa nao.

Na anavyomtambua kunanichekesha, maana ndiyo kazi ninayolipwa mshahara. Unakumbuka siku uliyonifuata maabara ukarudi na vidole vya zambarau? Ile ni rangi ya Gram, mbinu ya tangu mwaka 1884. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki na zambarau, ndio Gram chanya. Wenye ukuta mwembamba huiachia tukiwasuuza kwa spiriti, kisha hushika wekundu. Ukuta huo umesukwa kwa kitu kinachoitwa peptidoglaikani. Nzi hatengenezi kitu hicho hata chembe, wala sisi. Kikionekana ndani ya mwili wake, basi mgeni kaingia, hata kama hamjui jina.

Katika damu ya nzi na juu ya seli zake kuna protini zinazopapasa vipande vya ukuta. Watafiti wameziita PGRP. Zinachunguza sana asidi amino ya tatu kwenye mnyororo mfupi wa ukuta huo. Ikiwa laisini, kama kwa bakteria wa stafilokokasi, taarifa hupita njia ya Toll, yaani mnyororo wa kupokezana ujumbe ulioitwa kwa jina la protini yake moja. Ikiwa ile iitwayo DAP, kama kwa E. coli, bakteria mwenye ukuta mwembamba, hupita njia nyingine, ya Imd. Zote zinafika kwenye mafuta ya mwili wake, ambayo kwa mdudu hufanya kazi nyingi za ini, na baada ya saa chache yanamwaga damuni protini ndogo za kuua vijidudu.

Sasa sikia hii. Kuna bakteria wa jamii ya Bacillus. Kwenye slaidi yangu wanatoka zambarau tupu, nami naandika Gram chanya. Kumbe ukuta wao una DAP, kwa hiyo nzi anawaweka fungu moja na E. coli! Mimi naangalia unene wa ukuta, yeye anaangalia tofali. Miaka yote hii kazini, na mdudu ananisahihisha.

Mengi ya haya yamejulikana kwa vile vinzi vidogo vya ndizi mbivu. Mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake huko Strasbourg, Ufaransa, walionyesha kwamba vyenye Toll mbovu vinashambuliwa na ukungu hadi kufa. Mwaka 2011 akawa mmoja wa waliopewa Nobel. Sisi nasi tunazo protini za ukoo huo wa Toll.

Najua utauliza: utumbo wa nzi umejaa bakteria, mbona hapigani nao kutwa kucha? Zipo PGRP nyingine ambazo hazipigi yowe. Zinakatakata vipande vya ukuta mpaka visiamshe mtu.

Madaftari na ubuyu nimempa kaka yako, anakuja Jumamosi. Hesabu pakiti, ni sita. Namjua yule.

Mama yako