Dawa ya macho nayo ni dawa, iulizwe

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme jambo ambalo nusura limuue mama yangu.

Mama ana miaka 71. Kwa wiki tatu alikuwa akiinuka kitandani anapepesuka, anashika ukuta, anasema kizunguzungu kinamfunika macho. Sisi watoto tukasema ni uzee. Asubuhi moja nikamkuta sakafuni, amepasuka juu ya nyusi, midomo imepauka. Nikamshika kifundo cha mkono nikamhesabu mapigo, jicho kwenye saa ya ukutani, dakika nzima: 44. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Safari hii 43.

Hospitalini alipimwa moyo, damu na sukari. Tukaulizwa anatumia dawa gani, nikataja atenololi, kidonge cha presha alichokuwa amekitumia miaka mingi bila taabu. Kikaandikwa, yakaisha. Kile kichupa cha matone ya presha ya macho alichoanzishiwa mwezi uliotangulia sikukitaja, maana sikukihesabu kuwa dawa. Kwangu mimi dawa ilikuwa ya kumeza au ya kudunga. Muuguzi aliyekuwa akimsafisha kidonda ndiye aliyeuliza, "Bibi, macho haya unayatia nini?" Mama akamjibu, "Matone, mwanangu. Yananiachia uchungu kooni mpaka nachoka."

Uchungu ule kooni ungetosha kutuonya, kama tungejua. Kwenye kona ya jicho, upande wa pua, kuna kijitundu cha kupitishia machozi. Ndiyo sababu mtu akilia, pua nayo humchuruzika. Tone nalo hufuata njia hiyohiyo. Sehemu kubwa huteremka puani na kooni, na utando laini wa pua huifyonza kuiingiza kwenye damu. Kidonge kilichomezwa hupita kwanza kwenye ini, likakipunguza nguvu. Dawa iliyofyonzwa puani hufika kwenye moyo kabla ya kupunguzwa hivyo.

Matone ya mama yalikuwa ya timololi, dawa inayotumika machoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na iliyowaokoa wengi wasipofuke. Siilaumu. Nilikaa na daktari akanieleza taratibu, nami naeleza nilivyoelewa. Mwilini mna neva zinazofanya kazi bila sisi kuziamuru: ndizo zinazoendesha mapigo ya moyo, mishipa ya damu, njia za hewa, matumbo, kibofu, hata mboni ya jicho. Kundi moja huchochea, jingine hutuliza. Lile la kuchochea hutumia kemikali za jamii ya adrenalini, ambazo hunasa kwenye vipokezi kama ufunguo kwenye kitasa. Mwaka 1948 mtafiti Mmarekani, Raymond Ahlquist, alipendekeza kwamba vipokezi hivyo viko vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Baadaye mtafiti mwingine, James Black, akaunda propranololi, dawa inayoziba vile vya beta, na mwaka 1988 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Timololi na atenololi ni za ukoo huo.

Jichoni, beta ikizibwa, maji yanayotengenezwa ndani ya jicho hupungua, presha yake ikashuka. Lakini moyo nao una vipokezi vya beta. Mama alikuwa anauziba moyo wake kwa kidonge, kisha asubuhi na jioni anauziba tena kwa tone, bila yeye wala sisi kujua. Mtu akisimama, damu huelekea miguuni, na neva hizo hulazimika kuukaza mwendo wa moyo upesi ili ubongo usikose damu. Wa mama ulishindwa kukaza.

Kwa mwenye pumu hatari ni nyingine tena, kwa kuwa timololi huziba hata vipokezi vya njia za hewa. Tone la jichoni linaweza kumbana kifua. Mwenye kisukari naye huenda asisikie moyo kwenda mbio wala mikono kutetemeka, dalili ambazo humwonya sukari inaposhuka.

Ninachoomba ni kidogo. Fomu za hospitali ziwe na mstari unaouliza waziwazi juu ya matone ya macho, dawa za kupulizia puani na kifuani, na vidonge vya mafua ambavyo watu hujinunulia, kwani hizo nazo nyingi zinagusa neva hizihizi. Na mfamasia anapokabidhi matone, amwonyeshe mtu namna ya kuyatia: ukishatia tone, fumba jicho, bonyeza kwa kidole ile kona ya karibu na pua dakika moja au mbili. Ni jambo la kufundishwa palepale dirishani, na hupunguza sana dawa inayoteremka puani. Mama hakufundishwa.

Anayesoma barua hii na ana kichupa kama hicho, nakusihi usikitupe. Presha ya macho isipotibiwa hupofusha, na kidonge cha kuziba beta kikiachwa ghafla moyo huweza kwenda mbio kwa hatari. Kipeleke kwa daktari pamoja na vidonge vyako vyote. Mama alibadilishiwa matone na daktari wake wa macho, akapewa ya latanoprosti, tone moja kila jioni, yasiyoziba beta. Kidonge chake cha presha anaendelea nacho. Juzi nilimhesabu tena: 66.

Msomaji wako