Shoga, Malindi Watu Wapo

Malindi, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata na nimeona nikuandikie barua kamili manake haya mambo ukiyajibu kwa WhatsApp vipande vipande yanapotelea huko katikati ya picha za harusi za watu. Kwanza hongera ya uhamisho. Na hilo neno la kusema umetupwa Malindi sitaki kulisikia tena, hujatupwa, unakuja kwetu. Nyumba tutapata, nshaanza kuulizia Maweni na Muyeye, hilo lisikukoseshe usingizi. Lakini nimeona wazi kwamba swali lako hasa si nyumba, unauliza utakaa na nani, na hilo mwenzangu ni zito kuliko kodi.

Manake umri wetu huu watu hawaji wenyewe. Tulipokuwa wadogo mashoga uliwakuta tu, wa chuoni, wa mtaani, wa skuli kama mie na weye, hakuna aliyetoka kwenda kutafuta. Sasa watoto wako bweni, wewe na baba yao kila mtu ashashika njia yake, ofisini wenzako wazuri lakini ikifika saa kumi na moja kila mtu anakimbilia kwake, halafu unabaki wewe na simu na sahani moja. Nimewaona wengi waliohamia huku, wauguzi, walimu, watu wa benki, mtu anamaliza mwaka mzima anajua njia ya kazini na ya supamaketi basi, na kila wikendi anapanda matatu kurudi alikotoka. Sitaki iwe hivo kwako.

Sasa skiza. Ukiuliza Malindi kuna starehe gani watu watakutajia Casuarina, mahoteli ya ufuoni, disko, pitsa na aiskrimu za Waitaliano. Zipo kweli, na aiskrimu ni tamu ntakupeleka, lakini kule ni kwa kupita. Muziki mkubwa mpaka mnaongea kwa mikono, na uliyecheka naye leo kesho kapanda ndege. Halafu mji huu una misimu yake, kaskazi ikivuma, Disemba Januari, umejaa pomoni, ikiingia masika na kusi mahoteli mengi yanafunga, wafanyakazi wanarudishwa nyumbani, bahari inageuka rangi ya udongo kwa maji ya mto Sabaki. Weye unaingia wakati huo huo na watakwambia umekuja vibaya. Mie nasema umekuja wakati mzuri kabisa, manake waliobaki ndio wenyeji, na ndio unaowataka.

Hata zile sherehe kubwa usizitegemee sana kwa hili. Agosti kuna kumbukumbu ya Mekatilili wa Menza, wamama wanatoka na hando zao, zile sketi za Kigiriama, ngoma mchana kutwa, na mjini kuna bustani yenye jina lake na sanamu yake, uende na uione. Yule mama mwaka 1913 aliwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu, anacheza kijiji hadi kijiji watu wanamfata, mpaka wakala kiapo cha kuwakataa Waingereza, kwa hivyo huku kwetu kukusanywa na ngoma ni jambo la zamani sana. Lakini nenda na watu wako, usiende kutafuta watu pale. Kwenye umati kama ule utasalimiana na mia na hutarudi na nambari ya mmoja.

Ninavyoona mie watu unawapata mahali padogo, pa kula au kunywa, unaporudi siku ile ile saa ile ile, wanakuzoea sura kabla hawajajua jina. Anza na viazi karai. Kuna mama upande wa mji wa kale anatoa karai lake baada ya magharibi, mkaa chini, benchi moja ndefu ya mbao na nyengine fupi inayoyumba. Viazi kachemsha nyumbani, vidogo vidogo vishamenywa, unga kautia manjano na chumvi na anaukoroga kwa mkono, akitaka kujua mafuta yameiva anadondosha tone moja la unga, likipanda juu linachemka ndio anaanza kutumbukiza. Ukwaju wake kaupika na pilipili, uko kwa bakuli la plastiki linalozunguka benchi nzima, na hilo bakuli shoga ndilo linaloleta stori, manake huwezi kula bila kumwambia wa pili yako nisogezee ukwaju, na ukishasogezewa mtu anakuuliza wewe ni wa wapi. Pale nimekaa na fundi cherehani, na muuguzi anayetoka zamu, na bibi mmoja mjane anayekuja kununulia wajukuu na akaishia kula yeye. Hakuna aliyetambulishwa kwa mwengine. Siku hizi mama haniulizi nataka ngapi, akiniona navuka barabara ananiwekea, na wiki niliyoshikwa na homa sikwenda, niliporudi benchi zima liliniuliza nlikuwa wapi na bibi akanigombeza kwa nini sikutuma mtoto kumwambia. Mie nkajua hapo nshapata kwetu.

Kahawa tungu najua unaipenda, na wauzaji wapo, dele juu ya mkaa, vikombe vidogo, kashata pembeni, lakini nkwambie kweli zile baraza bado ni za wanaume, na dhumna zao na siasa zao. Unaweza kununua ukanywa umesimama hakuna atakayekukataza, ila kukaa utajiskia umekaliwa na macho. Hilo linaniudhi sana, manake mwanamke baada ya kazi naye anahitaji pa kukaa akasikiliza mji. Lakini wanawake nao wana zao, tena nzuri, ukialikwa kwenye kupamba au usiku wa hina usikatae hata kama bibi harusi humjui, nenda na zawadi yako ndogo, keti na wamama, kula pilau, pembe za vugo, ile ngoma yetu ya harusi, zikianza kugongwa simama, asubuhi mtaa mzima unajua wewe ni nani na ni wa nani.

Na ile benchi ya viazi ndiyo iliyozaa chama chetu. Tulianza kwa kusema kila mwisho wa mwezi tukutane kwa mmoja wetu, kila mtu aje na chakula cha kwao. Pesa zipo, tunachangishana, lakini zilikuja baadaye, mwanzo kilikuwa chakula tu. Mmoja analeta mahamri na mbaazi za nazi, muuguzi wetu ni wa Kisumu analeta omena alivyozikaanga na nyanya mpaka waliokuwa wanakunja uso sasa wanaziulizia, mie napika mchunga na kimanga cha muhogo, na fundi wetu wa cherehani hajui kupika kabisa huwa anabeba madafu na hakuna anayemsema. Tunakula tunaongea mpaka usiku, watu wazima kabisa, wengine na wajukuu, na mambo yanayosemwa pale juu ya ndoa, madeni, presha, wazazi wanaozeeka, hayana pengine pa kusemwa. Wewe na ule mkono wako wa biriani watakugombania.

Sasa la mangwe, pale panaponywewa tembo la mnazi. Najua hunywi na sikwambii unywe. Lakini ukitaka kujua wenyeji wa huku siku moja twende wote Jumapili mchana, kwa mgema mmoja wa upande wa Ganda, mie huenda baada ya kanisa. Ni uwanja tu chini ya minazi, magogo ya kukalia na kibanda cha makuti. Mgema anapanda asubuhi na jioni, anakata kole la mnazi kidogo kidogo, ule utomvu unadondoka ndani ya kibuyu, na unaanza kuchachuka wenyewe saa hiyo hiyo bila kutiwa kitu, kwa hivyo wa asubuhi ni mtamu kama soda, wa jioni una nguvu, ukilala sana ni siki ya kupikia. Sisi tunauita uchi. Mzee wa pale kabla hajanywa humwaga kidogo chini kwa ajili ya koma, waliotangulia, halafu mboko, kile kibuyu cha kunywea, unazunguka na mrija wake. Wabibi wa Kigiriama wanakunywa pale bila wasiwasi na heshima yao, wamekaa na leso zao, na ndio wanaojua kila kitu, nani kauza shamba, nani anatafuta mpangaji, mganga gani mwongo. Unapewa dafu lako, unakaa, unaskiliza. Ila tunaondoka jua likiwa bado juu, hilo ni sharti langu, manake jioni inapoingia wanaobaki ni wale ambao pombe ishawamaliza, na inaniuma kuwaona, wengine nimesoma nao.

Na usiku je? Usiku wetu ni bango. Huu ndio nnaousubiri kukuonesha. Wajua Mzee Joseph Ngala wa Freretown kule Mombasa, yule wa saksafoni, ndiye aliyeuanzisha huu muziki na watu wa pwani hawajauacha, una taarabu ndani, una jazi, una rumba, na mwendo wake wa taratibu hauvunji mtu magoti. Hapa mjini kuna bendi zinapiga, mara nyingi Jumapili, na wanaanza mapema, manake ile sheria ya pombe ya 2010 ilisema baa siku za kazi zifungue saa kumi na moja jioni na wikendi saa nane mchana, na zote mwisho saa tano usiku. Wengine wanailalamikia, kwa sisi watu wazima imekuwa neema, unacheza Jumapili alasiri, saa tatu uko kwako unapiga pasi nguo za Jumatatu.

Utawaona wazee wamevaa mashati yamenyooka, wamama wamejifunga leso kiunoni juu ya gauni la kanisani. Saksafoni ikilia ile ya kwanza hakuna anayekimbilia ukumbini, wanasubiri, wanamalizia mishkaki, halafu mzee mmoja anasimama na mkewe, hatua ndogo ndogo, mkono mmoja mgongoni, hawaangaliani hata, wanaangalia mbele. Nyimbo ya pili wanasimama wengine. Ya tatu wanawake waliokuja peke yao wanapanga mstari na hapo ndipo utakapoingia, mama yeyote atakushika mkono akuvute, hakuulizi jina wala dini wala umri. Wa umri wetu pale ni vijana! Nilimwona mama mmoja mkunga mstaafu akacheza mpaka bendi ikapumzika, akaja kuketi mezani kwetu bila kuuliza, akatuagizia mihogo ya kuchoma, na mpaka leo ndiye tunayempigia simu mtu akiumwa.

Kidogo juu ya usalama, manake nakupenda. Soda yako ifunguliwe mbele yako na usiiache mezani ukaenda kucheza, mambo ya kuwekewa mchele, ile dawa ya kupoteza fahamu, yapo huku kama Mombasa, jamaa yetu mmoja aliamka asubuhi hana simu wala kumbukumbu. Tuktuk tuna kijana wetu, ntakupa nambari yake, usipande wa njiani usiku. Na disko matanga, disko za msibani usiku, ukisikia linapigwa vijijini usifate, kule ni watoto wa skuli wanaharibikiwa, serikali ikipiga marufuku mie niko nayo.

Watu watasema? Watasema. Mwanamke mtu mzima, peke yake, kaonekana kwenye bango. Wacha waseme wiki mbili watachoka. Wanaokujua benchini watakujibia wenyewe kabla weye hujaskia. Na Ramadhani ikiingia utaona upande mwengine wa mji huu, kuanzia baada ya tarawehe watu wako nje mpaka daku, na jioni sahani zinavuka ukuta, kaimati, tambi, viazi vya nazi, mie Mkristo naletewa kutoka nyumba tatu na kila sahani naitia kitu kabla haijarudi kwa mwenyewe. Weye ukiwa jirani wa watu wale mwezi huo hutapata hata nafasi ya kujiskia mpweke.

Basi nambie tarehe ya gari. Ukiweza fika Ijumaa ili Jumamosi tuanze na viazi, usile njiani. Na ile sufuria yangu kubwa uliyoiazima harusi ya dadako uje nayo, chama cha mwezi ujao ni kwangu na nshawaambia kuna mgeni anapika biriani.

Wako,
shogako wa Maweni