Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Uyole

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani, mlio hapa Mbeya, Tukuyu, Kyela, Mafinga na Iringa, na ninyi wa Dar es Salaam mnaotupigia simu kulalamika joto: Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Kwa ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum. Wa Iringa, kamwene. Wa Rungwe, mugonile.

Ni ada ya ukoo wetu kwamba katibu ndiye huandika salamu za kufunga mwaka, na ni ada vilevile kwamba katibu hukumbushwa na mwenyekiti mpaka aone haya. Haya nimeona, nimeandika. Kwa niaba ya wazee wetu, kwa niaba ya kamati na kwa niaba ya nyumba yangu, nawatakia nyote heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya wenye afya, amani na baraka tele. Tumshukuru Mungu aliyetuvusha tangu Januari hadi leo, maana wapo tulioanza nao na leo hatunao.

Mwaka umekuwa mgumu, tusidanganyane. Baba analia mahindi yameshuka bei yangali ghalani, mama analia mafuta ya kula yamepanda dukani, na hao wawili wanalala nyumba moja. Mbolea ya ruzuku iliyorudi msimu wa 2022/2023 imetusaidia, sikatai, lakini aliyewahi kupanga foleni ya mbolea huku mvua imeshaanza na shamba linamngoja anajua ninachosema. Juzi nimeingia soko la Mwanjelwa na orodha ya sikukuu, nikatoka na nusu yake. Jogoo wa kienyeji nikatajiwa elfu thelathini na tano, na muuzaji wala hakupepesa macho. Nikamwuliza kama anauzwa pamoja na banda. Akacheka, akapunguza elfu mbili: "Kwa ajili ya sikukuu, mama." Nikamshukuru kama aliyenipa bure.

Hata hivyo, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tukilia njaa Mungu atatushangaa. Ninyi mnaopanda basi kutoka Dar mnalijua hili kuliko mimi, kwa sababu barabara ndiyo inayowajazia kapu. Ruaha Mbuyuni vitunguu vinaingia dirishani kabla basi halijasimama vizuri. Mkishaumaliza Mlima Kitonga na kushusha pumzi, Ilula wanawasubiri na ndoo za nyanya. Mafinga mtu anachukua majani ya chai ya Mufindi, Igurusi anaulizia mchele, na akishuka Uyole bado hajakutana na viazi vya Uporoto, vimefungwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ileile tuliyokatazwa miaka yote. Upande wa pili wanakuja wa Tukuyu na mikungu ya ndizi na maparachichi, na wa Kyela na mchele wao, na wakijaliwa, mbasa wa Ziwa Nyasa. Huo mchele wa Kyela, nawaomba, nunueni kwa mtu mnayemjua. Siku hizi kila mchele ambao mchuuzi wake ana maneno matamu umetoka Kyela.

Vyote hivyo kwa miaka mingi vilikuwa vinaishia mikononi mwa Mama mdogo. Mnamkumbuka alivyokuwa. Pilau la saa saba mchana lilianza usiku wa mkesha, tukitoka tu ibadani, kanga juu ya gauni la kanisani, bizari ikitwangwa kinuni kwa sababu ile ya pakiti alisema imelala dukani mpaka imesahau kazi yake. Jogoo lazima achinjwe na mzee wetu jirani, yeye na nyumba yake wale bila swali. Maziwa mgando yalikuwa na kibuyu chao na hakuna mtoto aliyethubutu kukisogelea. Hakuwahi kumwandikia mtu vipimo. Ukimwuliza maji kiasi gani, anakuonyesha kwa kidole: mpaka hapa. Kidole cha nani? Chake.

Alituacha mwezi Juni, baridi ikiwa imekaza. Tukampeleka nyumbani Tukuyu, tukamzika kwenye ukungu ambao mtu aliye mbele yako unamjua kwa sauti tu. Sasa niseme jambo ambalo kwenye taarifa ya msiba sikulisema. Siku ya kuanua matanga, wali uliungua. Sufuria zima. Wanawake wa ukoo wapo, wa jumuiya wapo, majirani wapo, kila mmoja anadhani mwenzake anautazama moto. Harufu ilipotufikia mikekani tulikokaa, shangazi, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu habari zifike, akapaza sauti: "Wifi angekuwepo!" Akalia mpaka akashikwa. Na mimi hapo ndipo nilipojua kwamba amekufa. Makaburini nilikuwa nimeshughulika na daftari la rambirambi.

Basi.

Wengine wanadhani alikuwa mtu wa jikoni tu, kwamba chakula cha nje alikidharau. Si kweli. Alipenda sana kutolewa. Pasaka ya mwaka huu tulimpeleka kula mjini, maeneo ya Kabwe, akaja na kapu lake na hotpoti ndani yake, kama alivyozoea tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019. Vibokisi vya mgahawani hakuviamini. Aliagiza kuku wa kuchoma na ndizi za kuchoma, akakaa wima kama yuko kanisani. Kazi ya kukaa ikamshinda. Mhudumu kabla hajafika mezani tena, ameshatupakulia wote, amehamisha paja kutoka sahani ya mjomba kwenda sahani ya mtoto, amefuta meza kwa kitambaa chake mwenyewe. Mwisho akaomba kuonana na mpishi. Akaja kijana mmoja anafuta mikono kwenye aproni, uso umejaa hofu, anajua ameitwa kusemwa. Mama mdogo akamsalimia kwa Kinyakyusa, akamwuliza mama yake ni wa wapi, akamwambia chumvi imemzidi kidogo lakini moto anaujua. Akamtunza elfu mbili. Tulipoondoka yule kijana alitusindikiza mpaka kwenye bajaji akiwa amembebea kapu.

Nayasema haya kwa sababu kwenye kundi letu la ukoo kumekuwa na mjadala, na wengine mmezungumza kwa ukali ambao haupendezi mwezi huu. Wapo waliopendekeza kwamba, kwa kuwa mwenye jiko hayupo, tarehe 25 tuagize kwa wapishi wa kukodi, waje na madishi yao, sisi tukae tu. Wapo waliosema twende wote hotelini tukamalizane na habari ya vyombo. Na yupo aliyesema tusifanye chochote mwaka huu, kila nyumba ile kwake. Kamati imekaa. Tarehe 25 tunapika. Tarehe 26 tunatoka.

Sababu ya kupika si ladha. Wapishi wa kukodi wengine wanatushinda mbali, na bei yao ukiigawa kwa vichwa si mbaya. Sababu ni zile saa za kumenya. Ni kwenye kumenya ndizi, mwaka juzi, ndipo tulipojua kwamba mmoja wetu alikuwa amesimamishwa kazi tangu Septemba na kila asubuhi bado anavaa shati na kutoka. Mambo kama hayo hayasemwi mezani hotelini, muziki unapiga na mhudumu amesimama na bili. Yanasemwa mtu akiwa ameinama, mikono ina utomvu, na hakuna anayemtazama usoni. Mama mdogo wala hakunyanyua kichwa. Alisema, "Menya, tutaongea," na jioni walikuwa wameshaongea, na Januari kijana alikuwa na mtaji wa kuanzia. Nani kati yetu alijua zilikotoka hela zile?

Kwa hiyo watu waje mapema. Na ninaposema watu, nasema na wanaume. Ndugu zangu, nimechoka kuwaona mmepanga viti kivulini mnajadili Simba na Yanga huku mnauliza chakula kimefikia wapi, kama kwamba chakula ni basi la Dar. Someni Yohana 21. Bwana amekwisha kufufuka, ana mamlaka yote, wanafunzi wametoka ziwani usiku kucha hawajalala, nao wanamkuta ufukweni amewasha makaa na samaki yuko juu yake, anawaita waje wafungue kinywa. Aliyeshinda mauti alikaa jikoni. Wewe ni nani usishike mwiko?

Na watoto waingizwe humo humo. Mtoto wa Dar anayekuja na kudhani mchele unazaliwa kwenye mfuko, mpeni ungo achambue. Atalalamika. Aachwe alalamike, atachambua huku analalamika. Simu zikusanywe kwenye beseni moja. Picha moja ya ukoo inatosha, si kila sahani ipigwe picha mpaka chakula kipoe, maana hii ni Uyole na chakula kinapoa haraka.

Kuhusu kutoka tarehe 26, twendeni kwa furaha, lakini twendeni na wazee. Isiwe kama mwaka ule tulipojaa kwenye magari, tukawaacha wazee nyumbani na makombo ya jana, eti wanachoka haraka. Wanachoka kukaa peke yao. Mzee akitaka mtori, aagiziwe mtori, asilazimishwe chipsi kwa kuwa ndizo zinazotoka haraka. Wenye sukari na presha wanajijua, na sisi tunawajua, soda zisipite mbele yao mara mbilimbili. Kila mtu aagize kwa kadiri ya mfuko wake bila kuona aibu. Anayekula wali maharage na anayekula kuku mzima wote wamekuja kukaa pamoja. Bili isimwangukie mtu mmoja kwa sababu tu anafanya kazi ofisini.

Na hapa nawasihi, nawasihi sana, hasa vijana wenye familia changa: msikope ili mle sikukuu. Hii mikopo ya riba kali, ya kausha damu, imeingia mpaka vijijini, inachukua godoro, inachukua cherehani, inachukua hata sufuria ulilopikia hiyo pilau. Januari inakuja na haina huruma. Ada imefutwa kwenye shule za serikali, lakini sare hazijafutwa, madaftari hayajafutwa, na mahindi yatadai mbolea ya kukuzia hapo hapo. Kama mwaka huu uwezo ni viazi na maharage, pika viazi na maharage kwa upendo, mwite jirani. Bora sahani ya majani na amani kuliko ng'ombe aliyenona na kelele za wadai. Mithali imeshasema karibu na hapo. Mume asimpige mkewe kwa sababu ya nyama. Mke asimdharau mumewe kwa sababu ya nyama. Wenye mvinyo, kunyweni kwa kiasi, na mwenye funguo za gari asinywe kabisa, kwa sababu mteremko wa Iwambi na ule wa Inyala haijui kwamba ni sikukuu. Na tafadhali, mvua zikileta baridi usiku, jiko la mkaa libaki nje. Lisiingie chumbani na watu kulala nalo. Hilo nalirudia kila mwaka na nitalirudia mpaka mnifute ukatibu.

Tuwakumbuke walio wagonjwa, walio hospitalini, waliofiwa na wajane wetu. Tuwakumbuke madereva, wauguzi na askari ambao tarehe 25 watakula kwenye hotpoti huku wamesimama. Mungu awape wepesi.

Taratibu sasa, tusije tukalaumiana. Wa Dar, vitunguu na nyanya ni juu yenu, mnapita hapo hapo. Wa Kyela mchele, na tumesema tunautaka wa kwenu kweli. Wa Tukuyu ndizi, maparachichi na maziwa. Jogoo nimeshanunua, kwa bei mnayoijua, na mzee wetu jirani ameshaarifiwa. Pilau mwaka huu litasimamiwa na kaka yetu wa Mafinga, ambaye imegundulika kwamba anajua kupika na amekuwa akituficha. Maneno ya kumcheka yawekwe akiba mpaka tuonje. Mchango ni uleule wa mwaka jana, mwisho tarehe 22, na sitampigia mtu simu.

Nawatakia tena Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Mungu awabariki, awalinde safarini, awafikishe salama. Ndaga fijo.

Katibu wenu,
Uyole, Mbeya